Kozi ya Python mtandaoni: kwizi zimenifundisha, kwizi zimeniudhi

Kama unataka kuanza kuandika programu na huna mtu wa kukaa nawe akuelekeze, kozi hii ya Python, lugha ya kuandikia programu, ina kitu ambacho video tupu hazina: kwizi fupi kila baada ya somo. Nazisifu kwa dhati, halafu nitasema kilichonikera.

Kuna swali moja sitalisahau. a = [1, 2, 3], kisha b = a, kisha b.append(4), yaani ongeza 4 mwishoni mwa b. Ukichapisha a, utaona nini? Anayeanza atasema [1, 2, 3], maana a haijaguswa. Mfumo ukaonyesha [1, 2, 3, 4], na chini yake maelezo mafupi: hapo hakuna orodha mbili, ni moja yenye majina mawili. Video nilikuwa nimeitazama yote na hilo halikuniingia! Wala si ajabu. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha kwamba waliosoma makala kisha wakajipima walikumbuka mengi zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma tu.

Mambo yaliharibika kwenye kwizi ya hesabu, mwishoni mwa mwaka jana hivi. print(7 / 2) itatoa nini? Nikaandika 3.5. Si sahihi. Nikadhani kuna nafasi iliyozidi, nikafuta, nikaandika upya. Si sahihi. Nikafungua Python kwenye kompyuta yangu, nikaandika vilevile, ikanipa 3.5. Kumbe wao walitaka 3! Hilo ni jibu la Python 2, ambayo iliacha kuhudumiwa mwaka 2020, na kozi yenyewe inafundisha Python 3. Mtu amenakili maswali ya zamani, akaenda zake.

Swali kukosewa, sawa, hutokea. Lakini somo linalofuata halifunguki bila kupata 80%, na kwizi ile ina maswali manne. Ukikosa moja una 75, umekwama hapo.

Nikamwandikia mkufunzi kwa adabu zote: "Habari za kazi, Mwalimu. Naomba uliangalie swali la tatu, nadhani jibu lililowekwa ni la toleo la zamani." Nikaambatanisha na picha ya skrini. Siku kadhaa zikapita, likaja jibu: "Rudia somo kabla ya kulaumu mfumo." Salamu hakuna, na picha ni wazi hata hakuifungua. Mwanafunzi amekuletea ushahidi mkononi, wewe unamfukuza kama amekuja kuomba alama za bure?

Ikabidi niandike 3 ili nipite. Nikaandika jambo ninalojua si kweli, na mfumo ukanipongeza kwa tiki ya kijani. Somo lililofuata likafundisha alama ya //, ya kugawanya na kushusha jibu hadi namba kamili, ambayo ndiyo hasa inayofanya 7 // 2 itoe 3. Sasa anayeanza atatofautisha vipi / na // ikiwa kwizi imeshamwambia zote zinatoa jibu moja? Mimi nilikuwa na kompyuta ya kuhakikishia. Anayesomea kwenye simu atamwamini nani? Ataona yeye ndiye hana akili ya programu, na wengine huachia hapohapo. Nguvu ileile inayofanya kwizi ikazie jambo sahihi kichwani ndiyo inayokazia kosa, tena na tiki ya kijani juu yake.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota nne, kwa ajili ya swali lile la orodha na mengine ya aina yake, ambayo kweli yameandikwa na mtu anayejua wanaoanza hukwama wapi. Nikikumbuka ule ujumbe wa mkufunzi, nne haziandikiki. Labda tatu. Hapana, nawapa mbili, hadi waweke kitufe cha kuripoti swali bovu kando ya kila swali, na mtu wa kusoma ripoti hizo ambaye ataendesha msimbo kabla ya kujibu.