Amplifaya ya tyubu au ya kidijitali: uzoefu wangu wa miaka sita na zote mbili

Kwa miaka sita nimekuwa nikipiga gitaa kwa kutumia amplifaya mbili. Ya kwanza ni ya tyubu, yaani vile vifaa vya kioo mfano wa balbu vinavyokuza sauti; ina wati 15, tyubu mbili za aina ya EL84 upande wa nguvu unaosukuma spika, tatu za aina ya 12AX7 upande wa awali unaopokea sauti ya gitaa, na spika moja ya inchi 12. Ya pili ni ya kidijitali, ambayo prosesa yake huiga amplifaya kadhaa mashuhuri, na ina tundu la hedifoni pamoja na waya wa kuunganisha na kompyuta. Wengi huuliza ipi ina sauti nzuri zaidi, lakini kwangu swali lililoamua mambo lilikuwa jingine: ninaweza kupiga kwa sauti kubwa kiasi gani mahali ninapopigia?

Nianze na ile ya tyubu, kwa kuwa ndiyo niliyoipenda kwanza. Ukiifungua sauti ikapita nusu, tyubu za nguvu huanza kulemewa, na kabla sauti haijakwaruza kabisa kuna eneo jembamba ambamo mkono wako ndio unaoamua: ukizigusa nyuzi kwa upole unapata sauti safi, ukikaza mkono sauti inajaa na kuanza kuchanika. Nikiirudisha nobu ya sauti ya gitaa kutoka 10 hadi 6 ninapata sauti ya kumsindikiza mwimbaji, nikiifungua tena ninapata sauti ya solo, bila kugusa pedali yoyote. Sijapata raha inayolingana na hiyo katika upigaji wa gitaa.

Shida ni kwamba eneo hilo liko mahali penye kelele nyingi mno. Wati 15 ni chache zikitajwa, ila sikio la binadamu halihesabu wati moja moja: ili tuhisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu inapaswa kuongezwa takriban mara 10, kwa hiyo hata amplifaya ya wati 1.5 ingebaki na karibu nusu ya ukubwa wa sauti ya hii yangu. Nilipolielewa hilo ndipo nilipoacha kuwashangaa majirani waliokuwa wakinigongea mlango. Mwanzoni niliipiga nyumbani nobu yake ikiwa kwenye 2, na hapo ilitoa sauti nyembamba, iliyokauka, isiyokuwa na lolote la kuihalalishia sifa zake.

Ndiyo maana nilinunua ile ya kidijitali, kwa ajili ya usiku. Teknolojia yenyewe si ngeni, kwani kampuni ya Line 6 ilitoa kifaa chake cha kuiga amplifaya, POD, mwaka 1998, kikawawezesha wapiga gitaa kurekodi bila kuweka maikrofoni mbele ya spika. Hofu yangu ilikuwa ucheleweshaji, yaani ule muda mfupi ambao prosesa inahitaji ili kutengeneza sauti, lakini hofu hiyo ilitoweka nilipofanya hesabu: sauti husafiri hewani takriban sentimita 34 kwa kila milisekunde, kwa hiyo mtu anayesimama mita mbili kutoka kwenye amplifaya yoyote tayari anaisikia ikiwa imechelewa kwa milisekunde sita hivi, wala hakuna anayelalamika.

Kisha nikafanya jaribio. Nilirekodi kipande kimoja mara nane, mara nne kwa ile ya tyubu nikiwa nimeweka maikrofoni sentimita chache mbele ya spika, na mara nne kwa ile ya kidijitali kupitia waya, halafu nikamwomba mpiga besi wetu ayabadilishe majina ya mafaili. Siku ya pili niliketi na hedifoni, nikasikiliza kwa makini, nikapatia manne kati ya manane, yaani sawa na mtu anayebahatisha. Hata hivyo, nikisimama chumbani na gitaa mkononi, tofauti ilikuwa dhahiri. Ilinichukua muda kutambua sababu: kifaa cha kidijitali, kwa kawaida, kinaiga amplifaya pamoja na spika na maikrofoni iliyo mbele yake, kwa hiyo unachopata ni sauti ya studio, siyo ile hewa inayosukumwa na spika ikakugonga miguuni. Nilipozima uigaji wa spika na kuipeleka sauti hiyo, kupitia kikuza sauti cha nguvu, kwenye boksi halisi la inchi 12, pengo lilipungua sana. Naamini malumbano mengi kuhusu jambo hili yanatokana na watu kulinganisha spika na hedifoni wakidhani wanalinganisha tyubu na prosesa.

Katika matunzo, ya tyubu inadai mengi. Jioni moja mazoezini ilianza kutoa mlio kama wa mafuta yanayokaanga, na kila noti ikaacha mwangwi wa kengele nyuma yake. Nilichukua penseli ya mbao, nikazigonga tyubu za awali taratibu, moja baada ya nyingine, sauti ikiwa imefunguliwa. Ya pili ikalia kwenye spika kama glasi. Nikaizima, nikasubiri ipoe, nikaweka mpya, na mazoezi yakaendelea. Hiyo ilikuwa kazi rahisi, lakini tyubu za nguvu katika amplifaya nyingi zinahitaji fundi wa kupima na kurekebisha mkondo, na mtu asiye fundi asiguse ndani kabisa, kwa sababu kapasita, yaani vipuri vinavyotunza umeme, zinaweza kuhifadhi volti zaidi ya 300 hata baada ya waya wa umeme kuchomolewa. Tena isiwashwe kamwe bila spika kuunganishwa, maana transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Ya kidijitali haina masharti hayo, ila inaumiza kwa namna yake. Sasisho moja la programu lilifuta mipangilio yangu yote, kazi ya miezi kadhaa, na tangu siku hiyo huweka nakala kwenye kompyuta kila mwisho wa wiki. Vilevile, bodi yake ikifa baada ya miaka mingi sidhani kama itatengenezeka, ilhali amplifaya za tyubu za miaka ya 1960 bado zinafanyiwa ukarabati hadi leo.

Uzito nao usidharauliwe na anayebeba vyombo mwenyewe: Deluxe Reverb, amplifaya ya tyubu ya kampuni ya Fender, ina takriban kilo 19, na toleo lake la kidijitali lililotolewa mwaka 2019 kwa jina la Tone Master lina kilo 10 na ushei.

Sasa ile ya tyubu inakaa kwenye chumba cha mazoezi, penye ngoma na nafasi ya kuifungua, na nyumbani napiga ya kidijitali. Anayepigia chumbani tu ningemshauri aanze na ya kidijitali bila kusita. Kabla ya kununua, aweke nobu ya sauti ya gitaa nusu, apige kodi moja, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa upole kisha kwa nguvu, kwa sauti ileile atakayoitumia kwake, siyo ile ya dukani. Asikilize kama sauti inabadilika pamoja na mkono wake.