Geti Lililonyooka: Kazi ya Karakana Moja ya Gerezani

Karakana ya eneo la Gerezani, Dar es Salaam, iliyonitengenezea geti la bati la milimita 1.5 inastahili sifa kwa jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza, yaani kuzuia chuma kisipinde kwa joto. Chuma kinapochomelewa hutanuka, lakini kinachoharibu kazi hasa ni kusinyaa kwake kinapopoa, kwani mshono wa kuchomelea huvuta bati upande wake. Fundi aliibana fremu mezani, akaishikiza kwa nukta ndogo za kuchomelea pande zote, akapima mshazari wa kona hadi kona mpaka vipimo viwili vikalingana, ndipo akachomelea vipande vifupifupi, akihama kutoka upande mmoja hadi wa mkabala ili joto lisirundikane. Alitumia elektrodi (vijiti vya kuchomelea) za milimita 2.5, wala hakulishika bati kwa mshono mmoja mrefu, uamuzi ambao nauona wa busara kabisa. Vibano havikuondolewa mpaka kazi ilipopoa yenyewe, bila kumwagiwa maji. Rangi ilipakwa kwa haraka mno na bei iko juu kidogo. Hata hivyo, geti linafunga bila kukwaruza sakafu, na madirisha nitawapa haohao.