Bima ya maisha hapa Ohio: apu ilinipa dola 47 kwa mwezi, broka akanipatia 30

Kanisani wameniuliza wengi nilipataje bima yangu ya maisha na mi nimekuwa nikijibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwaiyo naandika yote hapa. Hii ni kwa wale walioko Marekani, maana utaratibu wa nyumbani ni tofauti na sitaki kumpotosha mtu.

Kilichonisukuma ni msiba. Mwaka jana tulichangishana wiki mbili kumsafirisha kijana mmoja kwenda Dar, mwili ukafika, tukashukuru Mungu, alafu mkewe akabaki hapa Columbus na watoto watatu na kodi ya nyumba ya mwezi unaofuata. Mchango unasafirisha mwili, haulipi kodi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu tukae chini tuangalie sisi tuna nini, na kumbe tulikuwa na bima ya kazini kwangu tu, mshahara wa mwaka mmoja basi, na hiyo ukiacha kazi inaishia pale pale. Mi nafanya kazi nyumba ya wazee, shifti ya usiku, na ndani ya miaka sita nimebadilisha kazi mara tatu. Sasa hapo kuna bima gani.

Wa kwanza kuja alikuwa jamaa yetu Mswahili, mtu mzuri tu, kaja na laptop na mchoro wa pesa zinavyopanda miaka 30. Bima yake ilikuwa ile ya kudumu yenye akiba ndani, dola 312 kwa mwezi kwa fao (pesa ambazo familia inalipwa ukifa) la 250,000. Nikamuuliza kaka, mwaka wa tatu nikikosa ovataimu nikashindwa kulipa inakuwaje? Akazunguka sana. Nilivyosoma makaratasi mwenyewe nikaona ukitoka miaka ya mwanzo wanakata karibu yote uliyoweka. Sisemi bima hiyo ni mbaya kwa kila mtu, ila mtu mwenye watoto wa miaka 6 na 9 na mkopo wa nyumba anahitaji fao kubwa kwa bei ndogo kwa miaka ile watoto wanayomtegemea, na hiyo ndo bima ya muda: unalipa miaka 20, ukifa ndani ya hiyo miaka familia inalipwa, ukimaliza salama mkataba umeisha na hurudishiwi kitu. Najua kwetu tumezoea zile za kulipa alafu mwisho unapewa chako na bonasi, mama mmoja wa kanisani nilipomweleza akaniambia "mwanangu, si unatupa pesa hizo?" Nikamwambia mama, bima ya gari nalipa kila mwezi na sijawahi kuomba nipate ajali ili zirudi.

Nikaenda kwenye apu ya bima ya kwenye simu. Hapo niseme ukweli, ni rahisi mno, dakika 20 umemaliza, hakuna sindano hakuna mkojo, wanaangalia wenyewe dawa ulizowahi kuandikiwa na rekodi yako ya kuendesha gari, jioni ile ile nikapata jibu: fao 500,000, miaka 20, dola 47 kwa mwezi, daraja la standadi. Nilibakiza kidogo tu nibonyeze nikubali. Kilichonizuia ni hilo neno daraja, nikajiuliza kama kuna standadi basi juu yake kuna nini.

Dada mmoja akanielekeza kwa broka wake, yaani mtu asiyefungwa na kampuni moja, anauza za makampuni mengi. Kabla ya kuongea naye niliingia kwenye tovuti ya Idara ya Bima ya Ohio nikatafuta leseni yake, ni bure na inachukua dakika mbili, fanyeni hivyo kwa wakala yeyote hata kama mnasali naye. Na usiogope kwamba utamlipa, analipwa kamisheni na kampuni, bei ya mkataba ni ile ile hata ukienda mwenyewe.

Huyu baba alinifundisha kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia. Makampuni yanawagawa wasiovuta sigara kwenye madaraja kama manne, la juu kabisa, la pili yake, standadi ya juu na standadi ya kawaida, na chini ya hapo kuna ngazi za nyongeza ambapo mara nyingi kila ngazi inakuongezea kama robo ya bei ya standadi. Wanaangalia presha, wastani wa sukari ya miezi mitatu, lehemu (mafuta kwenye damu), uzito kwa urefu wako, wazazi kama walikufa mapema kwa moyo au saratani, makosa ya barabarani. Lakini kila kampuni ina jedwali lake! Uzito unaokushusha kampuni hii, kampuni nyingine hawana shida nao. Mi natumia kidonge kimoja cha presha, miaka minne sasa. Kuna makampuni yanayosema ukitumia dawa ya presha daraja zuri lisahau, na kuna mengine yanasema dawa si tatizo kama namba zimekaa sawa. Apu haikunipa nafasi ya kuchagua kati ya hayo. Broka aliandika maelezo yangu bila jina, umri, urefu, uzito, dawa, mama alifariki na miaka 58 kwa moyo, akayatuma makampuni matano kuuliza wangeniweka wapi, ndo akachagua moja ya kuombea. Hilo la kuuliza kwanza bila jina ni muhimu kuliko linavyosikika, sababu ukiomba rasmi ukakataliwa, fomu zinazofuata zitakuuliza kama umewahi kukataliwa, na makampuni yana taasisi yao ya kupeana taarifa inaitwa MIB.

Daraja la juu kabisa alinambia mapema nisilitegemee, kwa sababu ya mama. Niliumia kidogo kusikia kifo cha mama wa mtu kinageuzwa namba, ila nilipenda kwamba hakunidanganya. Tukalenga la pili.

Vipimo sasa. Anakuja mtu nyumbani kwako, kampuni ndo inamlipa, anapima urefu, uzito, presha, anachukua damu na mkojo. Broka aliniambia nisipange asubuhi ninayotoka shifti, mwili haujalala presha itakuwa juu, nipange siku ya mapumziko asubuhi kabla ya chai. Nisile masaa 8 mpaka 12, ninywe maji tu, kahawa hapana, jana yake nisile vya chumvi nyingi na nisifanye mazoezi mazito maana yanaweza kuchafua majibu ya mkojo na ini. Kidonge cha presha nimeze kama kawaida. Na miezi mitatu kabla ya hapo nilikuwa nimeanza kutembea kila siku na kupunguza wali wa usiku, nikashuka paundi 11, na hizo paundi 11 ndo zilinitoa mstari wa standadi ya juu zikaniingiza daraja la pili kwenye jedwali la kampuni ile. Kwaiyo kama una haraka lakini unajua uzito uko mpakani, muulize broka wako mpaka uko wapi hasa.

Siku yenyewe mama wa vipimo alichelewa dakika 50, mi nina njaa na wasiwasi, kipimo cha kwanza cha presha 144 kwa 90. Nikamwomba tukae kidogo ndo tupime tena mwishoni, akakubali bila shida, cha pili 130 kwa 84, cha tatu 126 kwa 80. Wanaandika vyote. Msione aibu kuomba.

Kwenye maswali semeni kweli yote. Nasisitiza hapa kwa sababu nimesikia watu wanashauriana kuficha kisukari au kuficha safari za nyumbani. Miaka miwili ya kwanza kampuni ina haki ya kuchunguza maombi yako ukifa, wakikuta ulidanganya jambo kubwa wanaweza kukataa kulipa wakawarudishia tu watoto wako zile ulizochangia. Unamdanganya nani sasa? Mi nilisema kila baada ya miaka miwili naenda Tanga wiki tano, wakauliza nchi na muda, na bei haikubadilika. Nina grinikadi, yaani kibali cha kuishi hapa moja kwa moja, ambayo kwa makampuni mengi inatosha, wenye viza za muda wana masharti zaidi na hapo broka anasaidia sana.

Kingine nilichojifunza ni umri. Kampuni niliyoomba inahesabu umri wa siku ya kuzaliwa iliyo karibu zaidi, kwaiyo mi nina miaka 39 ila miezi sita kabla ya kutimiza 40 wao wameshaniita 40. Jibu lilikuja mwezi wa kumi na moja, nimeshavuka huo mstari, broka akaomba mkataba uandikwe tarehe ya mwezi wa tisa kabla sijavuka. Nililipia miezi miwili ambayo imeshapita, kama dola 60, lakini bei ya mtu wa miaka 39 ndo nimefungiwa miaka 20 yote. Nani angenambia hilo kwenye apu?

Jibu: daraja la pili, 500,000, miaka 20, dola 30 na senti kwa mwezi. Ukilipa kwa mwaka mara moja ni 343, inapungua tena kidogo, ndo nilivyofanya baada ya kurudishiwa kodi ya mapato. Ukilinganisha na zile 47 za apu ni zaidi ya dola 4,000 kwa miaka 20, fao lile lile.

Malalamiko yangu. Ilichukua wiki saba jumla, tatu kati ya hizo ni kusubiri kliniki yangu itume rekodi, na broka hakunipigia simu hata mara moja katika hizo wiki tatu, mi ndo nilimtafuta na mi ndo niliwapigia kliniki wakatuma kesho yake. Kama huna muda au afya yako ina mambo mengi, apu bado ni bora kuliko kukaa bila kitu, na hata ukipewa daraja baya unaweza kuomba upya wakuangalie tena baada ya mwaka mambo yakiwa mazuri. Pia kwenye warithi nilitaka kuandika watoto moja kwa moja, akanizuia, mtoto chini ya miaka 18 hapewi hundi mkononi, mambo yanaenda mahakamani kutafuta msimamizi. Nimemwandika mume kwanza, baada yake dada yangu kama msimamizi wa watoto.

Mume wangu ndo bado. Yeye ana miaka 43, dereva wa lori, sigara hajawahi, ila shisha Jumamosi na wenzake. Shisha ni nikotini, na kipimo cha mkojo hakiulizi umevutaje. Broka akamwonyesha bei mbili kwenye karatasi moja, mvutaji dola 248 kwa mwezi, asiyevuta 79, na kuhesabiwa hujavuta kampuni ile wanataka miezi 12 kamili bila aina yoyote ya nikotini. Alikaa kimya mpaka tumefika nyumbani. Mwezi wa nne anatimiza hiyo miezi 12, na mama wa vipimo tumeshampa tarehe, Jumanne asubuhi, siku ambayo hana safari.