Senda mpya ya geji ya mafuta kwenye Land Rover ya 1974: nyota mbili, na moja ni ya floti

Kwa mwenye haraka: senda hii ya kuiga naipa nyota mbili kati ya tano, na moja kati ya hizo ni ya floti yake peke yake. Senda ni kifaa cha ndani ya tangi chenye mkono unaobeba floti, yaani boya; floti ikipanda na kushuka na mafuta, ukinzani wa umeme kwenye senda unabadilika na kusogeza mshale wa geji. Usiinunue kabla hujaipima uliyo nayo. Mimi nilinunua kwanza, nikapima baadaye.

Gari ni Land Rover Series III, ile fupi, injini ya petroli. Tangi liko chini ya kiti cha mbele na linabeba lita 45 hivi. Ugonjwa wake ulikuwa huu: najaza mpaka mdomoni, nawasha swichi, mshale unajikongoja, unafika juu kidogo ya E (tupu; F ni kujaa) na kulala hapohapo. Miezi kadhaa nimepima mafuta kwa fimbo kama mtu anayepima kina cha kisima. Fimbo haidanganyi, ila huwezi kuitumbukiza ukiwa mwendoni, na siku niliyotegemea hesabu za kichwani gari lilinizimikia katikati ya mlima.

Hela ya kwanza haikwenda hata kwenye senda. Kila niliyemuuliza alisema nibadilishe stabilaiza. Hiki ni kidude kidogo nyuma ya dashibodi, kinapokea umeme wa betri upande ulioandikwa B na kutoa wastani wa volti 10 upande wa I, ili geji zisiyumbe kila chaji inapopanda na kushuka. Vile vya zamani hufanya kazi kwa kukatakata umeme: bamba la metali mbili linapata joto, linapinda, linakata, likipoa linaunga tena. Ukikipima kwa maltimita ya tarakimu namba zinarukaruka na utaapa kimekufa. Tumia taa ya kupimia. Ikiwakawaka na kuzimika, kidude kizima.

Nikafunga kipya cha kielektroniki. Mshale haukujali. Na ningetuliza akili dakika moja tu ningejua, maana stabilaiza hiyo moja inalisha geji mbili, ya mafuta na ya joto la injini, na ya joto ilikuwa inasoma vizuri siku zote. Stabilaiza ikiharibika zote mbili zinapotoka pamoja. Zikisoma juu kupita kiasi, angalia kama kasha lake limekosa athi, yaani muunganiko wa umeme na chuma cha bodi, kwa sababu hapo volti zote za betri zinapita bila kukatwa. Lakini moja ikiumwa na mwenzake mzima, tatizo liko kwenye njia ya huyo mmoja. Hili sikuambiwa na mtu, nililipia.

Ndipo nikaagiza senda. Ilikuja imefungwa vizuri, ikiwa na gasketi yake, matundu ya skrubu yakalingana na ya tangi bila kulazimisha. Nilikuwa nimeshanyanyua mto wa kiti na kufungua bati la chini yake, bisibisi mkononi, mzee mmoja ninayemheshimu kwa umeme wa magari akapita.

"Hiyo ya zamani umeipima?"

"Bado, mzee."

"Sasa unabadilisha nini?"

Nilicheka kwa aibu. Alisimama pale akanisimamia, na kipimo chenyewe hakikufika robo saa. Swichi ikiwa imezimwa, nikachomoa waya kwenye ncha ya T ya senda. Nikaubana kwa klipu kwenye chuma cha bodi, mbali na tangi, halafu ndipo nikawasha swichi. Mpangilio huo ni muhimu: ukigusisha waya kwenye chuma umeme ukiwa umewashwa unapata cheche, na tangi lililobakiza mafuta kidogo lina mvuke mwingi juu yake. Mshale ukaanza kupanda, polepole kama kawaida ya geji hizi zinazosogeza mshale kwa joto la umeme, ukaenda mpaka F. Nikazima hapohapo, si vizuri kuuacha hivyo muda mrefu. Nikaubandua waya, nikawasha tena, mshale ukarudi E. Maana yake geji nzima, na waya mzima kutoka dashibodi mpaka tangini. Tukapima na athi ya senda, kutoka kwenye kifuniko chake hadi kwenye fremu: chini ya omu 1 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Hakuna cha kulaumu hapo pia.

Mwenye gari la Marekani asiige hili kichwakichwa. Senda nyingi za General Motors za miaka ya 1970 zinakwenda kinyume, omu 0 tangi likiwa tupu na 90 likijaa, kwa hiyo ukipeleka waya athi mshale unashuka. Za Ford za enzi hizo zinafuata mwelekeo kama wa kwangu, 73 tupu na 10 likijaa. Kwangu mimi ni kama 240 tupu na 20 na kitu likijaa.

Nikatoa waya wa hasi wa betri, nikaichomoa senda ya zamani. Mkono wake nikautembeza kutoka chini hadi juu huku mita imeshikwa: 248, ikashuka taratibu bila kuruka, 22. Senda ya miaka hamsini! Nikabaki nimeduwaa, kwa nini basi isome tupu? Mzee akaichukua, akaitikisa karibu na sikio, akanipa. Floti ya shaba, yenye umbo la kopo dogo, ilikuwa na petroli ndani. Chwa, chwa, chwa. Tukaizamisha kwenye ndoo ya maji ya moto, nje, mbali na moto wowote, na kutoka kwenye mshono wa chini ukatoka uzi mwembamba wa mapovu. Tundu lisiloonekana kwa macho. Floti ilikuwa imelala sakafuni mwa tangi, na senda ilikuwa inasema kweli kuhusu floti hiyo.

Wapo wanaoziba tundu kama hilo kwa kulehemu. Floti yenye mvuke wa petroli ndani mimi sipeleki joto karibu nayo, hata nikiambiwa imekauka.

Sasa turudi kwenye senda mpya, maana ndiyo ninayoihukumu. Nikaipima vilevile. Chini: 251, safi. Juu kabisa: 61. Yaani hata tangi likifurika mshale usingefika F maishani mwake. Katikati pia omu ziliruka mara mbili, na mkono wake umepindwa tofauti na wa asili. Kama ningeifunga siku ile bila kupima, ningekuwa na geji inayodanganya kwa namna mpya, na ningeanza tena kushika stabilaiza.

Floti yake, hata hivyo, ni nzuri. Haina uwazi ndani, ni kipande kizima cha povu gumu jeusi, na baada ya siku tatu kwenye kopo la petroli haikuongezeka uzito wala kulainika. Nikaipanua klipu yake kidogo kwa koleo, nikaivalisha kwenye mkono wa senda ya zamani. Gasketi yake nayo nimeitumia, na harufu ya petroli ndani ya gari haipo.

Baada ya kufunga nilimimina mafuta lita tano tano kutoka kwenye galoni, nikisubiri dakika nzima kila mara mshale utulie, na kuweka alama kwenye utepe wa karatasi niliobandika kando ya geji. E yangu ina lita 6 ndani. Nusu ni lita 24. F inafika kwenye 41, kisha haisogei. Utepe bado uko pale, unachakaa, sijapata moyo wa kuubandua. Senda mpya isiyo na floti iko kwenye droo pamoja na ile stabilaiza ya zamani, ambayo nayo haikuwa na kosa lolote.