KeePassXC katika ofisi ndogo ya Lindi: tathmini baada ya miezi 18

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ofisini kwetu mjini Lindi daftari lilikuwepo: kauntabuku lililokaa kwenye droo ya mhasibu, likiwa na nywila za ruta, za kamera za ghala, za barua pepe na za mfumo wa malipo, nyingine zimekatwa kwa kalamu nyekundu bila mpya kuandikwa. Kila aliyefungua droo hiyo kutafuta stepla alikuwa ameshika funguo za ofisi nzima. Kwa miezi 18 sasa nimetumia KeePassXC, programu ya kutunza nywila, mahali pa kauntabuku hilo, na tathmini hii nawaandikia maafisa TEHAMA wa ofisi ndogo, hasa wale ambao wao peke yao ndio idara nzima.

KeePassXC ni programu huria isiyolipiwa, nayo hufanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. Ilichipuka mwaka 2016 kutoka KeePassX, ambayo nayo ilifuata mfano wa KeePass, kazi aliyoianzisha Dominik Reichl mwaka 2003. Nywila zote hukaa ndani ya faili moja lililofungwa kwa usimbaji wa AES-256, na nywila kuu unayoiandika hupitishwa kwanza kwenye Argon2, hesabu iliyotungwa makusudi iwe nzito ili mwizi anayebahatisha mamilioni ya nywila achelewe, ilhali mwenye faili husubiri takriban sekunde moja tu.

Sababu kubwa iliyonifanya niichague ni kwamba haihitaji intaneti. Aliyekuwa ukanda huu Mei 2024 hahitaji maelezo marefu: tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, mvua zake zikakata barabara kuu ya Dar es Salaam wilayani Kilwa, na tarehe 12 hitilafu kwenye nyaya za baharini za EASSy na Seacom ikazorotesha intaneti nchini. Siku kama hizo ndizo ambazo fundi huhitaji kuingia kwenye ruta, na nywila ya ruta haifai kuwa imehifadhiwa upande wa pili wa ruta hiyohiyo. Sisemi kwamba huduma za kutunza nywila mtandaoni, kama LastPass, ni mbaya, ingawa wizi wa mwaka 2022, ambapo wavamizi waliondoka na nakala za makasha ya wateja wa LastPass, ulionyesha kwamba aliyetumia nywila kuu dhaifu hubaki na hofu hata baada ya mlango kuzibwa.

Kwa matumizi ya kila siku haina usumbufu. Hutunga nywila ndefu yenyewe, huijaza kwenye kivinjari kupitia kiambatisho chake, na ukiinakili, huifuta kwenye ubao wa kunakilia baada ya sekunde chache. Kilichonifaa zaidi ni ripoti yake ya afya ya nywila, ambayo siku ya kwanza tu ilinionyesha kwamba ruta za matawi yetu matatu zilikuwa na nywila moja, tena yenye jina la ofisi na mwaka. Inaweza pia kutunza namba za uthibitisho wa hatua ya pili, lakini mimi siziweki humo, kwa sababu kuweka kufuli mbili na funguo zake zote katika mfuko mmoja ni sawa na kuwa na kufuli moja.

Udhaifu wake huanza mnapokuwa zaidi ya mmoja. Programu haina ngazi za ruhusa: anayejua nywila kuu huona kila kitu kilichomo. Nililazimika kugawa faili letu mara tatu, la mitandao, la uhasibu na la uongozi, na kila moja likapewa watu wake. Mwenzangu wa Nachingwea akibadilisha nywila upande wake nami nikabadilisha nyingine upande wangu, tunakuwa na mafaili mawili yasiyolingana. Programu ina uwezo wa kuyaunganisha, nao umetufaa, ila ni lazima mtu akumbuke kuutumia.

Suala la mtumishi anayehama ndilo zito kuliko yote, nami nilikosea hapo. Alipohama mmoja wetu nilibadilisha nywila kuu, nikaona nimemaliza. Baadaye ndipo nilipong'amua kwamba nakala iliyobaki kwenye flashi yake ilikuwa bado inafunguka kwa nywila kuu ya zamani, na haikuwa na namna ya kujua kwamba huku nyumbani kufuli imebadilika. Dawa ilikuwa kubadilisha nywila za vifaa na akaunti zenyewe, moja baada ya nyingine, kazi iliyonila siku mbili. Anayetarajia uhamisho wa mara kwa mara, au mwenye ofisi ya watu zaidi ya 10, atafute mfumo wenye ruhusa za kila mtumiaji, kama Bitwarden.

Uipakue kwenye tovuti yake rasmi, keepassxc.org, wala usifuate tangazo la kwanza unalokutana nalo. Oktoba 2023 tangazo kwenye Google lilielekeza watu kwenye tovuti bandia ya KeePass, ambayo anwani yake ilikuwa na herufi inayofanana na k lakini yenye kialama kidogo chini yake, rahisi kudhaniwa uchafu wa kioo. Kwenye simu za Android tunatumia KeePassDX, programu nyingine inayofungua mafaili hayohayo.

Ukisahau nywila kuu hakuna wa kumpigia simu. Yetu imeandikwa kwenye karatasi ndani ya bahasha iliyopigwa lakiri, katika sefu ya meneja. Mafaili yenyewe yana nakala mbili nje ya kompyuta, na kila baada ya miezi mitatu tunazifungua kwenye mashine nyingine ili kuzijaribu. Mara ya mwisho flashi ya Lindi haikusomeka kabisa. Ya Nachingwea ilifunguka.