Aliyeulizwa si mimi: nilivyomtafutia mwanangu shule ya Kiayalandi Dublin

Jambo lenyewe limepita zaidi ya mwaka, na bado likinijia mikono inatetemeka. Nimesimama mbele ya dirisha la ofisi ya shule, fomu mkononi, mwanangu wa miaka minne amenishika buibui. Sekretari akaniangalia, akanipita, akamtazama jirani yangu aliyenisindikiza, akamwuliza yeye: "Anaelewa kwamba hapa kila kitu ni kwa Kiayalandi?"

Anaelewa! Kana kwamba mimi ni mzigo ulioletwa na huyo mama. Na nilikuwa nimeshamsalimu kwa Kiingereza kilichonyooka na kumweleza kilichonileta.

Jirani yangu ni mtu mzima, mzaliwa wa Dublin hapa hapa, na mwanangu humwita Nyanya. Alinisindikiza kwa sababu sikujua kituo cha kuteremkia. Uso ulimwiva ukawa kama nyanya mbivu. Akasema, "Mwulize mwenyewe, amesimama mbele yako." Nitampenda kwa neno hilo mpaka naingia kaburini. Na niwaambie jambo: mama huyu alifundishwa Kiayalandi miaka 13, msingi mpaka sekondari, kama walivyo karibu wenzake wote wa nchi hii, na alichobaki nacho ni sentensi moja, ambayo karibu kila mtu hapa anayo: "An bhfuil cead agam dul go dtí an leithreas?" Naomba ruhusa niende chooni. Kwa hiyo katika sisi wawili, aliyeulizwa na aliyerukwa, hakuna aliyekijua Kiayalandi. Tofauti yetu ilikuwa kitu kingine, na wenzangu mnaoishi ugenini hamhitaji kutajiwa.

Basi shule hiyo nimeipa sifuri. Sifuri kavu. Sitaitaja jina, ila ni kubwa, ni ya zamani, na iko magharibi mwa jiji.

Wengi mmeniuliza kwa nini nilijitakia makubwa, wakati shule za Kiingereza zimejaa kila mtaa. Sababu ninayo tangu utotoni. Nimesoma Mombasa. Shuleni kwetu ukisikika unasema Kiswahili siku isiyo ya Kiswahili, unavishwa kibao shingoni, unakizungusha mpaka umnase mwenzako umvishe yeye, na jioni atakayekutwa nacho anachapwa. Nimekivaa mimi kile kibao. Nilipohamia huku nikasikia habari za bata scóir, kijiti ambacho watoto wa Ayalandi katika karne ya 19 walifungwa shingoni na kutiwa alama kila waliposema neno la kwao, kisha jioni alama zinahesabiwa na viboko vinafuata, nililia mbele ya mtu nisiyemjua. Nikasema watu hawa tunaelewana. Lugha yao ndiyo ya kwanza katika katiba yao ya 1937, lakini sensa ya 2022 inaonyesha kwamba wanaoizungumza kila siku nje ya shule hawafiki 72,000, ingawa waliosema wanaijua ni 1,873,997. Shule hizi, gaelscoil, ndizo zinazojaribu kuirudisha midomoni mwa watoto wa mijini, tangu ile ya kwanza ya Dublin, Scoil Bhríde, iliyofunguliwa 1917. Nilitaka mwanangu awe upande huo. Nilitaka akue akijua kwamba lugha ya watu haivuliwi kama shati.

Halafu mtu ananiuliza kama ninaelewa.

Haikuishia hapo. Akanigeukia hatimaye: "Nyumbani mnazungumza nini?" Nikamwambia Kiswahili na Kiingereza. Akainamisha kichwa upande, akamtazama mtoto kwa huruma. "Lugha tatu si zitamlemea, maskini?" Maskini! Kwetu pwani mtoto anaamka na Kigiriama cha bibi yake, anacheza uani kwa Kiswahili, anasoma shuleni kwa Kiingereza, alasiri yuko chuoni anahifadhi Kurani kwa Kiarabu, na hakuna anayemwita maskini. Kisha akaniuliza nitamsaidiaje kazi ya nyumbani. Sikuwa na jibu. Akasema iko shule nyingine nzuri barabara ya chini, ya Kiingereza, "inayowafaa zaidi watu wapya." Nina miaka tisa hapa. Mwanangu amezaliwa katika hospitali ya jiji hili.

Fomu niliiacha hata hivyo. Ni haki yangu, na kila mzazi mgeni aijue haki hii. Shule hizi zinagharimiwa na serikali, hazina karo, wakiomba mchango ni wa hiari. Sheria ya 2018 ya kuandikisha wanafunzi imewakataza kumhoji mtoto au mzazi kama sharti la nafasi, na imewakataza kutoza ada ya maombi. Shule ya msingi ya Kikatoliki, ikizidiwa na maombi, hairuhusiwi tena kuwatanguliza waliobatizwa. Nyanya alinisimulia yaliyotokea Balbriggan, mji ulio kaskazini mwa Dublin, mwaka 2007, kabla ya sheria hiyo: muhula ulifunguliwa watoto hawana pa kwenda, karibu wote weusi, ikabidi ifunguliwe shule ya dharura ambayo ukiingia darasani ni nadra kumwona mtoto mweupe. Nchi nzima iliona haya. Sheria ya 2018 isingekuwapo, mimi nisingefika hata kwenye lile dirisha.

Barua ikaja, nafasi hakuna. Na hapa lazima niwe mkweli ingawa inaniuma: barua ilikuwa sawa. Sheria ile ile inaruhusu gaelscoil kumtanguliza mtoto ambaye tayari anakizungumza Kiayalandi kwa kiwango cha umri wake na ambaye kingemfifia akikosa nafasi. Wakafuata wenye kaka na dada pale, wakafuata waliotoka naíonra, yaani chekechea ya Kiayalandi. Mwanangu alikuwa ametoka chekechea ya Kiingereza, ile ya saa tatu kwa siku inayolipiwa na serikali. Serikali ingelipia zile zile saa tatu katika naíonra vile vile, laiti mtu angeniambia mapema! Basi kosa la barua si lao. Kosa la dirisha ni lao, na dirisha ndilo ninalolizungumza.

Shule ya pili ilikuwa vyumba vya muda, vile vinavyoletwa na lori, vimepangwa kando ya uwanja wa mpira. Mvua ikinyesha husikii la mwenzio. Nilipoiona moyo ulishuka. Mwalimu wa Naíonáin Bheaga, darasa la wale wadogo kabisa, akatoka, akanipa mkono mimi kwanza, kisha akachuchumaa mbele ya mtoto. Hakusema neno la Kiingereza. Akagusa koti lake, akasema, "Cóta." Mwanangu akamtazama kama anayesahihisha, akasema, "Koti." Mwalimu akacheka mpaka akakaa chini kwenye matope, akarudia: "Cóta. Koti. Cóta. Koti." Mtoto akamshika mkono wakaingia ndani. Mimi nikabaki nje na mwavuli, nimesahau hata kuufungua.

Shule hiyo nimeipa kumi juu ya kumi. Niliipa siku ile ile, ndani ya basi.

Kile mtoto alichokizoa katika miezi michache kinanishangaza hadi leo. Siku moja anavaa koti, ananiambia neno linabadilika kichwa: cóta ni koti, mo chóta ni koti langu, ár gcóta ni koti letu. Anauliza kama mimi naona ajabu. Sikuona ajabu hata kidogo! Wanafunzi wakubwa wa Kiayalandi hulalamika kwamba neno hulitambui kwa sababu mwanzo wake haukai mahali pamoja, lakini mtoto wa Kiswahili amezaliwa ndani ya mtoto na watoto, kiti na viti, ulimi na ndimi. Kichwa cha neno kubadilika kwake ni kawaida. Tena hawana kitenzi cha kumiliki kama Waingereza. Husema tá cóta agam, koti liko kwangu, nasi twasema nina koti, yaani niko na koti. Ukimwuliza umekula, hana neno la ndiyo, anakurudishia kitenzi: nimekula. Bibi yake kule Mombasa alipoelezwa kwa simu alisema, "Sasa hao ni Wazungu au ni jamaa zetu?" Yule sekretari aliyeona lugha tatu zitamlemea, ningependa amsikie mwanangu akimfundisha Nyanya jinsi ya kusema samahani.

Lakini kumi juu ya kumi nimeirudisha nyuma. Shule hii ya pili inagharimiwa na serikali, lakini mlezi wake, yaani anayeamua mwelekeo wake wa dini, ni Kanisa Katoliki. Ile ya kwanza, ile ya dirisha, ni ya dini zote, na hiyo ndiyo iliyotupeleka pale, mimi na baba yake, tangu mwanzo. Hapa kila siku kuna nusu saa ya dini. Katiba inampa mtoto haki ya kutoshiriki, na niliandika barua, na waliikubali bila maneno. Ila kutoshiriki maana yake ni kwamba mwanangu anakaa kona ya nyuma ya chumba kile kile anachora, masikio yake yote yako mbele. Yuko peke yake. Mwalimu hana wa kumkabidhi, chumba ni hicho hicho, na madarasa mawili yamechanganywa humo humo. Mwalimu yule nampenda kama dada yangu, lakini kila nikiifikiria ile kona napoteza usingizi.

Hata salamu ilitusumbua mwanzoni. Mtu anakuambia Dia dhuit, Mungu awe nawe, nawe unajibu Dia is Muire dhuit, Mungu na Mariamu wawe nawe. Baba yake alinuna. Mimi nikamwambia Bibi Mariamu ana sura yake katika Kurani, ya 19, na mtu akikutakia Mungu huwezi kumnunia. Bado hatujakubaliana. Mtoto anajibu Dia dhuit tu, na mwalimu hajawahi kumkosoa.

Na kazi ya nyumbani? Hili ndilo linalonikera kulisema. Kazi inakuja kwa Kiayalandi, maelezo kwa Kiayalandi, matangazo ya shule kwa Kiayalandi na Kiingereza kidogo chini. Jioni ya kwanza nilikaa mezani na programu ya kutafsiri dakika arubaini kwa ajili ya picha tatu za kupaka rangi. Nyanya alikuja na miwani yake, akafungua daftari, akanyamaza. Miaka 13, na alinyamaza. Kwa hiyo lile swali la dirishani, utamsaidiaje, lilikuwa swali la haki. Kila mzazi anayefikiria gaelscoil ajiulize kabla hajajaza fomu. Nami nimejibu kwa vitendo: nahudhuria darasa la wazazi jioni moja kwa wiki, tuko sita, wanne Waayalandi, na wanakosea kama mimi. Lakini swali la haki laweza kuulizwa kwa dharau, na dharau haigeuki kuwa haki kwa sababu swali lilikuwa zuri. Tena wale wanne niliwauliza. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa swali hilo kwenye dirisha lolote.

Wiki iliyopita simu ililia nikiwa kazini. Niliijua sauti kabla haijajitambulisha. Kumbe baba yake, bila kunishauri, alijaza fomu upya pale shule ya kwanza, ya Naíonáin Mhóra, darasa linalofuata, na safari hii mtoto ana mwaka mzima wa Kiayalandi. Nafasi imepatikana. Shule ya dini zote, madarasa ya matofali, hakuna kona. Na mdogo wake atatangulizwa kwa sababu ya kaka yake.

Yule sekretari aliniuliza kama anazungumza na mama wa mtoto. Nikasema ndiyo. Akalitaja jina la mwanangu lote, la kwake na la babake na la babu yake, akalitamka sawasawa, akasema, "Naomba nipate jibu lako wewe, mama yake, kufikia Ijumaa." Sijui kama alinikumbuka. Sijui kama mtu alimwambia kitu, au ni mtu mwema aliyekuwa na siku mbaya. Nilikuwa na mwaka mzima wa maneno ya kumwambia, nimeyapanga, nimeyarudia kwenye basi kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na hata kwa kile Kiayalandi changu cha darasa la jioni.

Nikasema asante, nitakupigia. Leo ni Alhamisi, sijampigia. Mwanangu amelala, koti lake liko kwenye kiti, na ndani ya ukosi mwalimu wake ameandika kwa kalamu ya wino, neno moja chini ya lingine: cóta, koti.