Jiu-jitsu nikiwa na miaka 47: uzoefu wangu katika ukumbi mmoja wa Kampala

Ukiwa na miaka arobaini na kitu na unatafuta pa kujifunzia jiu-jitsu ya Kibrazili hapa Kampala, usianze kwa kuuliza mkanda wa kocha ni wa rangi gani. Uliza jambo moja: mtu akigonga kuomba aachiwe, nini kinafuata? Kisha kaa pembeni siku nzima ya mazoezi utazame kwa macho yako, maana kila kocha atakujibu vizuri.

Kwa asiyeujua, mchezo huu hauna ngumi wala mateke. Mnakamatana, mnaangushana, halafu kazi yenyewe inafanyika chini, kila mmoja akitafuta kumkaba mwenzake shingo au kumpinda kiwiko au bega hadi asiweze kuvumilia. Aliyeshikwa anampiga mwenzake kofi jepesi mara mbili tatu, au anagonga mkeka, au anasema tu kwa mdomo, na hapo hapo anaachiwa. Hiyo ndiyo kugonga. Mishipa ya damu ya pande mbili za shingo ikibanwa sawasawa, mtu huweza kuzimia ndani ya sekunde kumi hivi. Kiwiko kikishanyooka hadi mwisho, kinachobaki ni kuumia. Kwa hiyo usalama wa mchezo wote umo katika lile kofi na katika roho ya yule anayelipokea.

Mimi ni mhasibu. Nilizaliwa Tanga, nikaolewa Kampala, na watoto wangu sasa ni watu wazima. Kazi yangu ni ya kukaa kutwa. Presha ilipoanza kupanda, daktari alinipa dawa na kunisisitizia mazoezi, akanikumbusha kwamba Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na juu yake siku mbili za kutia misuli nguvu. Hilo la misuli ndilo tunalolisahau sisi wanawake. Baada ya miaka thelathini misuli huanza kupungua kidogo kidogo, na kukoma hedhi huongeza kasi. Kutembea asubuhi kulinisaidia presha, lakini hakukunipa nguvu ya kunyanyua gunia la mchele. Mpwa wangu anacheza judo, na ndiye aliyenishauri nijaribu jiu-jitsu, kwa sababu huku mtu anaweza kujifunza mengi bila kurushwa hewani.

Ukumbi wa kwanza tuliokwenda sitautaja. Nilikaa kwenye benchi nikatazama. Kijana mmoja alimkaba msichana mdogo kuliko yeye, msichana akagonga, kijana akaendelea kubana kidogo, kisha akamwachia huku akicheka. Kocha aliona na hakusema kitu. Nilimshika mpwa wangu mkono tukaondoka, na hadi leo nikiulizwa kuhusu ukumbi ule jibu langu ni moja: mtu mwenye shingo ya miaka 47 hana la kufanya pale. Madaktari wameripoti visa vya mishipa ya shingo kuchanika baada ya kukabwa katika mchezo huu. Ni visa vichache, lakini vipo, na ndiyo maana kuachia kwa kuchelewa mimi siuiti utani.

Ukumbi ninaoenda sasa uko si mbali na Barabara ya Jinja, ghorofani, juu ya maduka. Siku ya kwanza kocha aliniita pembeni akaniuliza kuhusu magoti, mgongo, presha, dawa ninazotumia, na kama nimewahi kuzimia. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kampala: “Maama, hapa wewe ndiwe unachagua nani wa kucheza naye. Ukisema leo hapana, ni hapana.” Halafu akaligeukia darasa na kurudia maneno hayo hayo kwa Kiluganda, wote wasikie. Sijaona tena mahali pa mazoezi ambapo mwanafunzi mpya anakabidhiwa haki kubwa kiasi hicho mbele ya watu.

Na haki hiyo inaheshimiwa. Mimi ni Mwislamu, navaa kofia ya kubana kichwani, fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana chini ya kimono, yaani vazi nene la mchezo huu lenye koti na suruali, na nafanya mazoezi na wanawake tu. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Kimono chenyewe kinasitiri kuliko nguo nyingi za mazoezi, na hata sheria za IBJJF, chama kikubwa cha kimataifa cha mchezo huu, zinamruhusu mwanamke kufunika kichwa mradi kitambaa kiwe cha kuvutika na kisiwe na kitu kigumu. Dosari ni kwamba wanawake ni wachache. Zipo jioni ambazo mvua imenyesha, foleni ya Nakawa haisogei, na mimi ndiye mwanamke pekee mkekani. Siku hizo kocha hunipa mazoezi ya peke yangu, ya kusogeza nyonga na kuinuka kutoka chini, na nimelipa hela ile ile. Hilo ningependa walirekebishe.

Mwenzangu wa kudumu ni binti wa Kikongo kutoka Bukavu. Ni mwepesi, ana mkanda wa bluu, ngazi inayofuata mweupe wa wanaoanza, na angeweza kunimaliza kila dakika. “Mama, twende polepole,” huniambia, kisha ananiacha nitafute njia hadi niipate. Nikikosea, ananirudisha mwanzo. Akinishika vizuri, namgonga mapema, kabla ya maumivu, naye huachia kabla hata kofi la pili halijatua. Kwake yeye nimejifunza zaidi kuliko kwa video zote za kwenye simu.

Nitaeleza kidogo kilicho chini, maana hapo ndipo watu wa hapa hushangaa. Uganda ni nchi ya ngumi, na pia ina mieleka yake ya asili, ekigwo kwa Kiluganda, ambamo anayeangushwa ameshindwa. Kwa hiyo mtu mzima wa hapa akilala chali mwili wake wote unamwambia mambo yamekwisha. Katika jiu-jitsu kulala chali ukiwa umemzungushia mwenzako miguu kiunoni ni mahali pa kazi. Panaitwa gadi. Kutoka hapo unaweza kumkaba, kumkamata mkono, au kumpindua ukae juu. Ukimpindua hivyo katika mashindano unapata pointi 2, sawa na aliyemwangusha mwenzake kutoka wima. Anayeivuka miguu ya aliye chini anapata 3, na anayefanikiwa kumkalia kifuani au kumdhibiti kwa mgongoni anapata 4. Mimi sikujua kwamba mapaja yangu yana nguvu hiyo. Mwanamke aliyebeba mimba na ndoo na watoto mgongoni ana miguu ambayo haijawahi kupewa kazi ya kujitetea.

Gadi pia ndiyo inayomfaa mtu wa umri wetu. Hatari kubwa kwetu ni kuangushwa: goti linajipinda, au mtu mzito anakudondokea. Omba kuanzia mkiwa mmepiga magoti. Kocha wangu hukubali bila kunung'unika, na wanafunzi wote wapya wenye zaidi ya miaka arobaini huanzia hapo hapo. Mkikutana na ukumbi unaokataa ombi hilo, tafuteni mwingine.

Historia yenyewe kocha hutusimulia wakati wa kupumzika, na iliyonikaa ni hii. Mjapani Mitsuyo Maeda, aliyefunzwa judo ya Kano Jigoro, mwanzilishi wa mchezo huo, alifika Brazil mwaka 1914. Baadaye akamfundisha Carlos Gracie mjini Belém, na ndugu wa familia hiyo wakaendeleza mapigano ya chini hadi yakawa mchezo wa kujitegemea. Mdogo wao Hélio inasimuliwa kuwa alikuwa na mwili dhaifu, kwa hiyo alitegemea kutumia mwili wa mwenzake kama wenzo badala ya nguvu. Mwaka 1951, mjini Rio de Janeiro, Hélio alipigana na Masahiko Kimura, bingwa wa judo kutoka Japani. Kimura alimshika mkono na kuupindua kuelekea mgongoni. Hélio hakugonga. Ni upande wake mwenyewe uliorusha taulo. Hadi leo mshiko ule unaitwa kimura, kwa heshima ya aliyeshinda.

Wabrazili wanamsifu Hélio kwa ujasiri ule, nami namheshimu. Lakini mimi Jumatatu nina vitabu vya hesabu vya wateja, na nina mama yangu mzee ambaye namwinua kitandani nikienda Tanga. Nikishikwa kimura nagonga bega linapoanza tu kukaza. Kocha anatufundisha kugonga kama anavyotufundisha kukaba: mapema, kwa sauti, bila aibu. Na vijana wetu wanaoona mtu mzima anagonga bila aibu wanaanza nao kugonga mapema. Kwa mwaka na zaidi nilioko pale nimeona vidole vilivyoteguka na mbavu zilizouma, lakini sijaona mkono uliovunjwa na mwenzake kwa kiburi.

Gharama. Nalipa shilingi 180,000 kwa mwezi kwa vipindi vitatu kwa wiki, na anayekuja kujaribu siku moja analipa 20,000. Si kidogo, ila ni chini ya jimu nyingi zenye mashine. Kimono kipya cha kuagiza nje ni ghali mno. Changu ni cha judo, nimekipata kwenye mitumba ya Owino kwa 60,000, na fundi wa mtaani kwetu akanipunguzia mikono. Kwa mazoezi kinatosha. Usinunue cha karate, kitambaa chake ni chepesi na kola itachanika wiki ya kwanza. Ukitaka kushindana chini ya IBJJF, rangi ni tatu tu: nyeupe, bluu na nyeusi.

Usafi wa mikeka naupa alama nzuri lakini si zote. Inapigwa dawa kila jioni baada ya darasa la mwisho, ilhali darasa la watoto linatangulia letu na katikati hakuna anayeifuta. Choa huambukiza kwa haraka sana katika mchezo huu, kwa kuwa ngozi inasuguana na ngozi. Mimi naoga mara nifikapo nyumbani, kimono kinafuliwa siku hiyo hiyo na kuanikwa juani, na kucha za mikono na miguu nazikata fupi. Chumba cha wanawake cha kubadilishia nguo ni kidogo na mlango wake haufungi vizuri. Tumelisema, wameahidi, tunasubiri.

Kuhusu kujihami, nawaomba makocha wasiwauzie wanawake ndoto. Kibaka akikupokonya simu karibu na Clock Tower akakimbia, jiu-jitsu haitairudisha, na mtu mwenye panga hakabiliwi kwa gadi. Kilichobadilika kwangu ni kingine: mtu mzito akiwa juu yangu sihemi ovyo tena. Naweka viwiko karibu na mbavu, nageukia ubavu, natafuta nafasi ya goti. Kwa mwanamke yeyote hilo ni jambo kubwa, na nalisema nikiwa najua ninachokisema.

Watu huniuliza kama nitafika mkanda mweusi. Kwa watu wazima ngazi ni nyeupe, bluu, zambarau, kahawia, nyeusi. Kanuni za IBJJF kwa kawaida zinataka angalau miaka 2 katika bluu, mwaka 1 na nusu katika zambarau na mwaka 1 katika kahawia, na kwa uhalisia wengi huchukua miaka kumi au zaidi tangu waanze. Nikifika nitakuwa naelekea sitini, na sioni ubaya wake. Mashindano yana madaraja ya umri kuanzia miaka 30, kwa hiyo hakuna atakayenipanga na msichana wa ishirini. Anthony Bourdain, yule mpishi wa Marekani wa kwenye televisheni, alishinda dhahabu huko New York mwaka 2016 akiwa na miaka 59 na mkanda wa bluu. Kwangu mimi mkanda mweupe wenye mistari miwili, alama za kupiga hatua ndani ya rangi ile ile, unatosha kwa sasa. Presha yangu imetulia, dawa bado natumia kama daktari alivyoagiza, na gunia la mchele nalinyanyua.

Baada ya kila kipindi kigumu napumzika siku mbili. Vijana hurudi kesho yake. Msiwaige. Mwili wa umri huu unajengeka ukiwa umelala, na mtu anayekuja kila siku kwa bidii mwezi wa kwanza mara nyingi humwoni mwezi wa tatu.

Je, nawashauri mjiunge? Ndiyo, kwa moyo wote, mkipata ukumbi unaoheshimu kugonga. Huu wetu naupa nne kwa tano. Ile moja wataipata wakifuta mikeka kati ya madarasa na wakitafuta njia ya kuwaleta wanawake zaidi. Darasa la wanawake ni Jumamosi saa tatu asubuhi. Njoo na maji yako na ndala za kuvaa ukitoka mkekani, vua pete na hereni nyumbani, na fika mapema kidogo, kwa sababu kocha atataka kukuuliza kuhusu shingo, magoti na presha kabla hujafunga mkanda.